Mtoto akisema amekabwa usiku, usikimbilie kutaja jina

Saa tisa usiku. Mtoto wa darasa la sita anagonga mlango wa chumba cha mama yake huku anatetemeka. Anasema aliamka akaona mtu kama kivuli amesimama karibu na neti. Yule mtu akaja, akamkalia kifuani. Mtoto alitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Alitaka kuinuka, hata kidole hakikusogea. Halafu ghafla akawa huru, na chumbani hapakuwa na mtu. Mdogo wake anayelala naye kitanda kimoja hakusikia chochote.

Mzazi, ungemwambia nini?

Katika nyumba nyingi za Tabora, iwe Ng'ambo, Isevya au Ipuli, iwe vijijini Sikonge, Urambo au Uyui, neno la kwanza kumtoka mzazi ni swali: "Ulimwona ni nani?" Ni swali la mapenzi. Mzazi anataka kujua anayemsumbua mwanawe. Lakini ndani ya swali hilo mambo mawili yameshaamuliwa: kwamba kulikuwa na mtu, na kwamba mtu huyo ana jina.

Wiki hii tuzungumze juu ya swali hilo. Katika mikoa yetu ya magharibi, jina likitamkwa usiku kwa hofu, linaweza kumfikisha mtu kaburini. Na kuna upande wa pili usiosemwa sana: tukiwahi kusema "ni jini" au "ni mchawi", tunaweza kumficha binadamu wa kweli anayemdhuru mtoto.

Mtoto hadanganyi

Jambo la kwanza, usimwambie "acha uongo" wala "ulikuwa unaota tu". Kwake haikuwa ndoto ya kawaida. Macho yalikuwa wazi. Aliiona neti, aliliona dirisha, pengine alisikia hata mbwa wakibweka nje. Ukimwambia amedanganya, kesho akiona jambo zito zaidi hatakuja kukuambia.

Hali hiyo kwa Kiswahili tunaiita kukabwa na jinamizi. Maelezo yake kitaalamu si magumu.

Usingizi una hatua zake. Mwaka 1953, huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza hatua ambayo macho ya aliyelala huchezacheza haraka chini ya kope. Ndipo ndoto nyingi zilizo wazi hutokea. Katika hatua hiyo ubongo unafanya kazi sana, lakini unazima misuli ya mikono, miguu na shingo. Ni ulinzi. Bila hivyo, anayeota anakimbia angeruka kitandani na kujigonga ukutani.

Mara chache hesabu hiyo hupishana. Mtu anazinduka kabla misuli haijafunguliwa. Akili imeamka, macho yameona chumba, lakini mwili bado umefungwa na vipande vya ndoto bado vinapita mbele ya macho. Akitaka kuvuta pumzi ndefu, kifua hakimtii, naye anahisi kama kimekaliwa. Ubongo unapiga kengele ya hatari: kuna kitu hapa. Hali hiyo hudumu sekunde kadhaa, au dakika chache, kisha inaisha yenyewe.

Si jambo la watu wachache. Wataalamu waliokusanya tafiti 35 zenye zaidi ya watu 36,000, na kuchapisha matokeo mwaka 2011, walikuta karibu watu 8 kati ya 100 wamewahi kupatwa na hali hiyo angalau mara moja. Kwa wanafunzi ilikuwa karibu 28 kati ya 100. Mwenye mtoto wa bweni anayekesha na madaftari kipindi cha mitihani atajua kwa nini.

Wajapani wana jina lao, kanashibari. Watu wa kisiwa cha Newfoundland, Canada, wanasimulia juu ya bibi kizee anayekuja kumkalia mtu kifuani. Mwili unafanya jambo lilelile kila mahali. Sura ya yule anayekalia kifua ndiyo inayobadilika, kwa kuwa kila mmoja huikopa kutoka kwenye hadithi za kwao.

Mtu ambaye hayupo

Wapo wazazi watakaosema: kushindwa kusogea nakubali, lakini yule mtu aliyesimama pale alitoka wapi?

Mwaka 2006 madaktari wa Uswisi wakiongozwa na Olaf Blanke walikuwa wakimpima mwanamke wa miaka 22 mwenye kifafa kabla ya upasuaji. Walipopitisha umeme mdogo katika sehemu moja ya ubongo wake upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio, alihisi kuna mtu nyuma yake. Alipolala, mtu huyo naye alilala. Alipokaa akakumbatia magoti, mtu huyo naye alikaa akamkumbatia, na mwanamke akasema hakupendezwa nalo. Umeme ulipokatwa, mtu akatoweka.

Hapakuwa na mtu mle chumbani zaidi ya wale waliokuwa wakimpima. Sehemu ile ya ubongo ndiyo inayotuambia mwili wetu uko wapi na unaishia wapi. Ikivurugika, mtu anaweza kuuhisi mwili wake mwenyewe kama mwili wa mwingine aliye karibu naye. Wapo watafiti wanaoamini kwamba kivuli cha jinamizi hutokea kwa njia inayofanana na hiyo.

Safu hii haiwezi kumwamulia mtu imani yake. Anayesali na mwanawe kabla ya kulala aendelee kusali. Mtoto aliyetulia hulala vizuri. Tunachosema ni kwamba kuona mtu usiku, peke yake, si ushahidi kwamba kulikuwa na mtu.

Wasafiri wa njia ya zamani nao waliona

Kuna wanaodhani mambo haya huwapata watu wasiosoma. Historia ya mji wetu inasema vingine.

Watoto wa shule za Tabora hupelekwa Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, na huambiwa habari za misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikapumzika hapa Unyanyembe kabla ya kuendelea hadi Ujiji. Kabla ya Livingstone kulala Kwihara, walipita Waingereza wengine wawili, Richard Burton na John Hanning Speke. Walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857.

Burton alikuwa msomi wa lugha nyingi. Hata hivyo, katika kitabu chake cha 1860 alieleza kwamba homa ilipompanda njiani, alijihisi kuwa watu wawili ndani ya mwili mmoja, wanaopingana kila jambo. Usiku alipokosa usingizi aliona wanyama wa kutisha, wanawake wazee wenye sura mbaya na watu ambao vichwa vyao vimeota vifuani.

Zamu ya Speke ilifika Oktoba 1858, msafara ukirudi pwani, katika kijiji cha Hanga kisicho mbali na Tabora. Alishikwa na homa na maumivu makali ya kuchomachoma mwilini. Akaona chui na wanyama wengine wakali wakimburura chini kwa kulabu za chuma. Mwili ulimkakamaa, mdomo ukawa unafunguka na kufunga, akabweka kama mbwa, na wenziwe walishindwa kumtambua kwa jinsi alivyobadilika sura.

Watu waliojua njia ile walikuwa na jina la ugonjwa huo: kichomachoma. Speke aliuguzwa, akapata nafuu, na safari ikaendelea akiwa amebebwa kwa machela.

Maofisa wawili wa jeshi, wenye elimu na silaha, waliona mashetani yao kwenye njia hii hii tunayoishi kandokando yake. Ubongo wenye homa au usingizi uliovurugika hauulizi cheti cha shule.

Homa kwanza, mengine baadaye

Habari ya Burton na Speke inatupa somo la kwanza la vitendo. Mtoto akianza kuona vitu au kusema maneno yasiyoeleweka, mguse paji la uso. Mpime joto kama una kipimajoto.

Utafiti wa kitaifa wa afya na malaria wa 2022 uliiweka Tabora juu kuliko mikoa mingine kwa maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano: karibu 23 kati ya 100, wakati wastani wa nchi ni karibu 8. Malaria ikipanda kichwani, mtoto huweweseka, huona watu, huita majina, hupoteza fahamu au hupatwa na degedege.

Jina lenyewe la degedege limebeba neno dege, na wazee wengi waliuhusisha ugonjwa huo na ndege au pepo apitaye usiku. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990, pale pale misafara ilipoanzia, walikuta watoto wengi wenye degedege walianzia kwa mganga wa jadi. Wazazi wengine waliogopa kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Ukweli ni kinyume. Malaria kali hutibiwa hospitali, na tiba yake huanza kwa sindano. Kinachoua ni kuchelewa.

Kwa hiyo mtoto mwenye homa anayeweweseka, aliyelegea, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa au aliyepatwa na degedege, apelekwe kituo cha afya usiku huo huo. Wakati wa degedege mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na angalia saa uweze kumwambia mganga ilidumu muda gani. Mwenye homa ya kawaida naye apimwe malaria ndani ya siku hiyo. Kama anayo, atapewa dawa mseto, na azimalize zote hata akipata nafuu.

Kuna pia kuweweseka kusiko na homa. Mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano anakaa ghafla kitandani saa mbili hivi baada ya kulala, anapiga ukelele, macho wazi, hakutambui wewe mzazi wake. Baada ya dakika chache analala tena, na asubuhi hakumbuki lolote. Usimtikise wala kumwagia maji. Mlinde asianguke, subiri ipite. Wengi huacha wanapokua.

Lakini mtoto anayerushwarushwa viungo usingizini mara kwa mara, akajiuma ulimi au kujikojolea wakati hakuwa na tabia hiyo, apelekwe kupimwa kifafa. Kifafa kina dawa, na hakiambukizi.

Jina likishatoka halirudi

Sasa turudi kwenye lile swali, "Ulimwona ni nani?"

Mwaka 1995 watu wa Pemba, kisha Unguja, walianza kusimulia juu ya popobawa. Waliosema wamejiwa naye walieleza kuamka usiku, kukandamizwa, kushindwa kusogea na kushindwa kupiga kelele, pamoja na mambo mengine ambayo ukurasa huu wa familia hautayasimulia. Familia nzima zilihama vyumbani, zikalala nje kwa makundi, moto ukiwaka. Jinsi watu walivyozidi kuogopa kulala ndivyo walivyozidi kukabwa. Baadaye watafiti walipolinganisha masimulizi hayo na jinamizi la nchi nyingine, waliona yanafanana sana.

Hofu ile haikuishia kwenye kukosa usingizi. Mjini Unguja watu walimshika mtu mmoja, mgonjwa wa akili, wakaamini ndiye popobawa. Walimuua.

Huku kwetu wanaouawa kwa namna hiyo zaidi ni bibi zetu. Kwa miaka mingi taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimehesabu mamia ya watu wanaouawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake wazee, na mikoa ya magharibi na kanda ya ziwa imetajwa tena na tena. Mara nyingi habari huanza hivi: mtoto ameugua au amesumbuliwa usiku, mzazi amekwenda kwa mpiga ramli chonganishi, na mpiga ramli amemwelezea bibi mwenye macho mekundu.

Mzazi, macho ya bibi yamekuwa mekundu kwa sababu amepikia kuni tangu akiwa binti. Ukiishiwa kuni, amepikia mabua na kinyesi cha ng'ombe. Akiwa Urambo au Kaliua, huenda pia amekaa misimu mingi kwenye moshi wa mabani ya tumbaku. Moshi ule ndio uliotulisha sisi.

Mpiga ramli hatunzi siri kuliko mtoto. Swali lako la saa tisa usiku, "Ulimwona ni nani? Hakufanana na yule bibi wa pale kona?", litafika shuleni asubuhi na kisimani jioni.

Swali hutengeneza kumbukumbu

Utasema: lakini mtoto mwenyewe ndiye aliyemtaja bibi, mimi niliuliza tu.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya ajali ya magari. Watu 50 waliulizwa kasi ya magari kwa kutumia neno kali, kana kwamba magari yalipondana. Wengine 50 waliulizwa kwa neno la kawaida la kugongana. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Waliosikia neno kali, 16 walisema ndiyo. Waliosikia neno la kawaida, 7 walisema ndiyo. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika.

Hao walikuwa watu wazima, mchana, bila hofu yoyote. Sasa fikiria mtoto anayetetemeka gizani, anayetaka kumridhisha mama yake. Kivuli kisichokuwa na sura ataona kimepata sura uliyompa, na kesho ataapa kwamba alimwona. Hatakuwa anadanganya. Atakuwa anakumbuka kile mlichokitengeneza pamoja.

Kwa hiyo usimlishe maneno. Muulize hivi: "Niambie yote, tangu ulipoamka." "Halafu?" "Mwili wako ulikuwaje?" "Iliishaje?" Msikilize hadi amalize. Usitaje jina la mtu yeyote, usitaje jini, usitaje mchawi.

Usiseme "ni jinamizi tu" kabla hujasikiliza

Hapa nawaomba wazazi tuwe waangalifu sana, kwa sababu elimu hii nayo inaweza kutumika vibaya. Mtoto anayesema "kuna mtu huja usiku" wakati mwingine anasema jambo lilivyo. Anayekuja ni binadamu, na mara nyingi ni mtu anayeijua nyumba: mjomba, binamu, mpangaji, rafiki wa kaka, hata mzazi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mzazi aliyeuliza bila kumlisha mtoto maneno ana nafasi nzuri ya kutofautisha. Jinamizi huja wakati wa kupitiwa na usingizi au wa kuzinduka. Mwili hausogei kabisa, kisha hufunguka ghafla, na anayeonekana hutoweka palepale. Halimwachii mtoto jeraha. Lakini mtoto akisema mlango ulifunguliwa, aliambiwa anyamaze, aliahidiwa zawadi au alitishwa. Akiwa na maumivu sehemu za siri, damu au michubuko. Akianza kumkwepa mtu fulani mchana kweupe. Akikataa kulala chumba kimoja tu lakini akalala vizuri kwingine, hilo si la kuliita jinamizi.

Usimwogeshe, usifue nguo zake, usimkabili mtuhumiwa kwa kelele. Mpeleke hospitali na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya simu ya watoto hupigwa bure. Hapo ndipo jina litatajwa, kwa mdomo wa mtoto mwenyewe, mbele ya watu wenye kazi ya kuchunguza.

Unaona jinsi njia ilivyo moja? Kutotaja jina mapema kunamlinda bibi asiye na kosa, na kunamzuia mkosaji kujificha nyuma ya jini.

Kama ni jinamizi kweli

Ukishamsikiliza, ukaona hana homa na hakuna aliyemdhuru, mweleze kwa maneno mepesi. Mwambie: "Akili yako iliamka kabla ya mwili. Huwapata watu wengi. Haikuui, na inaisha yenyewe."

Maelezo hayo yenyewe ni sehemu ya dawa. Baland Jalal na Devon Hinton, katika utafiti wa 2013, waliwalinganisha watu wa Misri na Denmark waliowahi kukabwa. Wamisri, ambao wengi walikuwa wamekua wakisikia kwamba ni majini, walikabwa mara nyingi zaidi, kwa muda mrefu zaidi, na kwa hofu kubwa zaidi ya kufa. Hofu humfanya mtu alale kwa mashaka, azinduke mara kwa mara, na kuzindukazinduka huko ndiko kunakofungua mlango wa jinamizi lingine.

Mengine ni ya kawaida. Alale na kuamka saa zilezile hata siku za mapumziko. Simu isilale naye. Asikeshe na masomo siku tano mfululizo kisha afidie siku ya sita. Alale ubavu, maana kulala chali huchangia. Akikabwa tena, asipambane kuinuka mwili mzima. Ajitahidi kuchezesha kidole kimoja cha mguu au mkono na apumue taratibu. Muulize pia kuna nini shuleni. Wasiwasi wa mchana huingia kitandani usiku: viboko, mtihani, kudhihakiwa na wenzake, ugomvi wenu ninyi wazazi aliousikia ukutani.

Likijirudia kila wiki, au akiwa anasinzia ovyo mchana, au akianza kusikia sauti na kuona watu mchana akiwa macho kabisa, mpeleke hospitali akaonwe na daktari, na kwa la mwisho hilo usisubiri. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, ndiyo iliyo karibu kwa walio mjini; vijijini anzia zahanati au kituo cha afya, watakupa rufaa. Kumpeleka mtoto kwa daktari wa afya ya akili hakumaanishi mtoto ni kichaa.

Leo jioni, kabla ya kulala, waambie watoto wako jinamizi ni nini. Waambie pia kwamba lolote litakalowapata usiku, la kweli au la ndotoni, mlango wako unagongwa saa yoyote na hawatachekwa. Kisha zungumza na mwenzako, na bibi wa nyumbani kama yupo, mkubaliane kwamba katika nyumba yenu hakuna atakayetajwa jina kwa sababu ya ndoto ya mtoto.